Gesi au Mkaa: Moto wa Nyama Choma Mjini Tabora

Swali la kuchagua kati ya jiko la gesi na jiko la mkaa kwa ajili ya kuchomea nyama lina uzito wa pekee mkoani Tabora, kwa sababu mkoa huo umezungukwa na misitu ya miombo inayotoa mkaa wenyewe, ilhali gesi inayouzwa madukani hushushwa kutoka melini katika bandari za pwani na kusafirishwa mamia ya kilomita kuelekea bara. Kwa wakazi wa Dar es Salaam mkaa ndio unaotoka mbali. Kwa wakazi wa Tabora mgeni ni gesi. Hivyo mlaji wa nyama choma wa Tabora halinganishi ladha mbili tu, bali hulinganisha pia mti uliokatwa Uyui, Sikonge au Kaliua na mtungi uliofuata mwelekeo ule ule wa misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, ilipo Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji.

Misafara hiyo haikutegemea mkaa kupikia. Wapagazi wa Kinyamwezi, walioteremsha pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba, walikoka kuni kati ya mafiga, na nyama ya mnyama aliyewindwa njiani ilibanikwa au kukaushwa kwa moshi ili isiharibike kabla ya kambi inayofuata. Mkaa ulikuwa mali ya wahunzi: wayeyushaji chuma wa Usumbwa, ambao majembe yao yaliuzwa mbali na kwao, waliuhitaji ili kulitenganisha jiwe na chuma kilichomo ndani yake, kazi ambayo moto wa kuni hauiwezi vizuri. Katika mapishi ya kila siku mkaa ni nishati ya mjini, kwa kuwa mpangaji wa chumba kimoja hana pa kurundika mzigo wa kuni wala hawezi kuvumilia moshi wake, na gunia la mkaa hubeba joto jingi kuliko kuni zenye uzito sawa na huo.

Wepesi huo hulipiwa msituni. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyawasha kwa namna inayopunguza hewa, ili kuni zisiungue zote bali zipoteze maji, lami na gesi zake na kubakiza kaboni, yaani ile sehemu nyeusi inayowaka bila moshi mwingi. Tanuri la udongo la aina hiyo kwa kawaida hutoa kilo 1 ya mkaa kutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni kavu, kutegemea ujuzi wa mchomaji na unyevu wa magogo, na zaidi ya nusu ya joto lililokuwa ndani ya mti hupotea kabla mkaa haujafungwa kwenye gunia. Si haki, hata hivyo, kumbebesha mchoma mkaa lawama yote: misitu ya Tabora imekatwa pia kwa ajili ya mashamba mapya na kwa ajili ya mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto, hasa Urambo na wilaya jirani ambako zao hilo lina mizizi ya miaka mingi.

Hoja inayosikika zaidi kwa wapenzi wa mkaa ni ladha, nayo ndiyo hoja inayohitaji kuchunguzwa kwa makini kuliko zote. Husemwa kwamba mkaa huipa nyama harufu ya moshi ambayo gesi haiwezi kuitoa. Lakini vitu vinavyoupa moshi wa kuni harufu yake, yaani lami na mvuke wa mti, kwa sehemu kubwa vilikwisha kutoka wakati wa kuchomwa tanurini, na mkaa ulioiva vizuri, ukishageuka makaa mekundu yenye vumbi la majivu, hauna harufu nyingi ya kumpa mtu. Harufu inayomvuta mpita njia kwenye banda la nyama choma hutoka hasa kwenye nyama yenyewe: mafuta na maji yake hudondoka juu ya makaa, huungua ghafla, na moshi wake hupanda na kuganda juu ya nyama. Mafuta hayohayo yakidondokea bamba la chuma lenye moto mkali juu ya jiko la gesi hutoa moshi unaokaribiana sana na huo. Kuna pia rangi ya kahawia na ladha nzito ya gamba la nje, inayotokea pale protini na sukari za nyama zinapokutana katika joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi na zaidi. Mabadiliko hayo yanahitaji joto na uso mkavu, na hayaulizi joto limetoka wapi.

Mkaa una ubora wa kweli, lakini uko mahali pengine. Makaa mekundu hutoa joto la mnururisho, yaani joto linalosafiri kama nuru kutoka kwenye kitu cha moto hadi kwenye kingine bila kubebwa na hewa, na joto hilo huupiga uso wa nyama moja kwa moja na kuukausha upesi. Mwali wa gesi, kinyume chake, hunururisha joto dogo, na gesi inapoungua huzaa mvuke wa maji unaofanya hewa inayoizunguka nyama iwe na unyevu. Ndiyo sababu jiko la gesi lililotengenezwa mahususi kwa kuchomea nyama huwa na mabamba ya chuma au mawe juu ya mwali, ili yapate moto kwanza na kunururisha badala ya makaa, na ndiyo sababu mtu anayeweka wavu juu ya jiko la kawaida la gesi, lile la kuchemshia chai, hupata nyama iliyopauka na kisha huilaumu gesi. Kwa ng'ombe wa asili wanaoletwa kutoka Nzega na Igunga, ambao hutembea sana na nyama yao huwa ngumu yenye mafuta machache, mchomaji mzoefu hutumia makaa kwa namna mbili: huanza na pande kubwa la nyama mbali na moto mkali, likaiva taratibu, kisha hulisogeza katikati kulipa gamba. Jiko la gesi lenye vichomeo viwili hufanya kazi hiyo hiyo kwa kuzungusha swichi, na kwa samaki kama migebuka inayoletwa kutoka Kigoma, au kwa kuku mdogo, utiifu huo wa moto ni faida isiyo na ubishi.

Katika muda na gharama, tofauti hutegemea namna jiko linavyotumika. Mkaa huhitaji takriban nusu saa kabla ya kuwa tayari, na huendelea kuungua hata wateja wasipokuwepo. Pipa lililokatwa nusu, lisilo na mfuniko wala kinga ya upepo, ambalo ndilo jiko la mabanda mengi, hupoteza joto pande zote. Haraka ya kuuwasha kwa mafuta ya taa au vipande vya plastiki huharibu ladha kuliko gesi yoyote. Gesi huwashwa nyama inapoagizwa na kuzimwa inapoiva, na kilo yake moja ina joto la takriban mara moja na nusu ya kilo ya mkaa. Mzigo wake ni ule wa mwanzo: jiko, mtungi, regulata na mpira hununuliwa kwa mkupuo, wakati mkaa hununuliwa hata kwa kopo.

Inafaa kuondoa hapa dhana moja iliyoenea. Gesi ya mitungi si gesi asilia ya nchini, ile ya Songo Songo au Mnazi Bay, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani na hutumika zaidi kuzalisha umeme na viwandani. Ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, hugeuzwa kuwa kimiminika kwa mgandamizo na huagizwa kutoka nje ya nchi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutulia sakafuni na mashimoni, na harufu yake mbaya imeongezwa kwa makusudi ili uvujaji utambulike. Mkaa nao una hatari yake isiyo na harufu: kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotokea makaa yanapoungua bila oksijeni ya kutosha, huweza kuua watu waliolala katika chumba kilichofungwa chenye jiko. Na moshi wa mafuta yanayoungua, uwe wa jiko lolote, hubeba kemikali ambazo baadhi zinahusishwa na saratani, jambo linalotosha kumshawishi mchomaji asiache mafuta yawake miali chini ya nyama.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034, na serikali imezielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa. Mjadala wa nyama choma huingizwa humo kimakosa, kana kwamba sahani ya Jumamosi jioni ndiyo inayomaliza miombo. Mkaa mwingi huishia chini ya sufuria ya maharage, ambayo huchemka kwa saa nyingi na haipati ladha yoyote kutoka kwenye makaa. Hapo gesi haina mpinzani isipokuwa bei. Familia inayochoma nyama mara chache inaweza kubaki na mkaa bila kujuta, mradi maharage yamehamia kwenye gesi. Mwenye banda linalowaka kila siku kuanzia mchana hadi usiku yuko katika hesabu nyingine, na kabla ya kununua jiko la gesi anaweza kuanza kwa kuliwekea pipa lake mfuniko na kulipunguzia matundu ya hewa. Akiamua kuhamia gesi, mtungi wa kilo 6 haumtoshi: ukilazimishwa kulisha vichomeo vikubwa kwa muda mrefu, kimiminika kilichomo hupoa kadiri kinavyogeuka mvuke, mgandamizo hushuka na mwali hudhoofika, kwa hiyo ni mtungi wa kilo 15 au 38 unaomfaa, ukisimamishwa wima nje ya banda na kupimwa kwenye mizani ya muuzaji kabla ya kulipiwa.