Anayekufuata Haoni Gari la Mbele

Ukisimama Liwatoni, Mombasa, jioni ya Jumapili, utayaona magari yakipanda kutoka feri na baiskeli zimefungwa nyuma. Watu wametoka Diani, wamechoka, wana mchanga miguuni. Mara moja moja hupita jingine lisilojiendesha: limefungwa kamba, linavutwa na gari la rafiki, na baiskeli ziko palepale zilipofungwa asubuhi. Kila mtu huitazama kamba, kama itakatika. Mimi hutazama nyuma, alipo dereva wa lori liendalo Mbaraki, nikijiuliza yeye anaona nini.

Mara nyingi haoni kitu cha kumsaidia. Gari likivutwa magurudumu yote manne yakiwa chini, wa nyuma anauona mkia wa gari la pili tu. Dereva wa mbele akikanyaga breki, taa zake zinamulika boneti ya gari analolivuta na basi. Kazi ya kutangaza kwamba tunapunguza mwendo, kwamba tunakata kulia, imehamia kwenye gari ambalo injini yake haifanyi kazi, pengine lisilo hata na moto kwenye betri. Na hapa kwetu, nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, jua likishazama giza halikawii: dakika 20 hivi na usiku umeshaingia.

Sasa weka baiskeli. Magari mengi yanayoshushwa bandarini kwetu ni yaliyotumika Japani, na madogo yake hayazidi upana wa mita 1.7, kwa kuwa ndipo daraja la magari madogo linapoishia kwa sheria ya huko. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa karibu hizohizo mita 1.7. Ukiifunga kingamo nyuma ya gari, gurudumu moja linaangukia juu ya taa ya kushoto na jingine juu ya taa ya kulia, sawasawa kana kwamba limepimwa. Mwenye gari hurudi hatua mbili, akaona wekundu unapenya kati ya spoku, akaridhika. Lakini amesimama katikati. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, ambayo watengenezaji wengi duniani huifuata, inataka taa ya mkia ionekane hadi nyuzi 80 upande wa nje wa gari na nyuzi 45 upande wa ndani. Haikuwekwa hivyo kwa urembo. Anayetokea pembeni, tuktuk inayochomoza kichochoroni kwa mfano, huiona taa kwa mshazari, na kwa mshazari baiskeli tatu zilizopangwa pamoja ni ukuta wa mipira, pedali na minyororo.

Dawa ya wengi ni hazadi. Huwashwa tangu gari linapofungwa kamba hadi linapofika kwa fundi, na kila mtu anahisi ametimiza wajibu. Naielewa nia, lakini kwenye magari mengi hazadi ikiwaka indiketa hazifanyi kazi tena. Msafara unakata kuingia Liwatoni huku taa zote mbili zikipepesa vilevile kama ulipokuwa unakwenda moja kwa moja. Hazadi ni ya gari lililosimama mahali pabaya. Kwa gari linalokwenda, na linalohitaji kusema linakwenda wapi, inamziba mdomo dereva.

Wapo watakaosema: ndani ya gari linalovutwa yumo dereva, si akanyage breki taa ziwake? Hapa kuna jambo ambalo ni vigumu kuliona mpaka uwe umewahi kukaa kwenye kiti hicho. Anayevutwa kwa kamba hukanyaga breki muda wote, kidogokidogo, ili kamba isilegee akamgonga anayemvuta. Taa zake za breki zinawaka na kuzima kila dakika bila sababu inayomhusu anayefuata, na baada ya kilomita mbili huyo anayefuata ameshaacha kuziamini. Kwa chuma cha kuvutia mambo yanageuka: chuma hakilegei, hivyo anayevutwa anakaa bila kugusa pedali, na gari la mbele linapofunga breki hakuna kinachowaka nyuma. Katika hali zote mbili taa za mkiani zinafuata mguu wa anayevutwa. Zinatakiwa zifuate mguu wa dereva wa mbele.

Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa makini hufunga ubao wa taa. Ni kipande cha ubao au plastiki chenye taa za mkia, za breki na indiketa kila upande, viakisi vya pembetatu na nafasi ya namba ya gari. Hufungwa kwenye baiskeli ya mwisho kabisa, ile iliyo nje ya zote, na waya wake hupita juu ya gari linalovutwa hadi kwenye soketi ya gari la mbele. Taa zikae karibu na kingo: kanuni niliyoitaja hairuhusu taa ya mkia iwe ndani zaidi ya milimita 400 kutoka ubavu wa gari. Uingereza ubao wenye namba ni lazima baiskeli zikiziba namba ya gari, na kamba ya kuvutia haitakiwi kuzidi mita 4.5. Hapa Kenya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni zake zinataka taa nyekundu nyuma usiku na namba isomeke. Baiskeli si udhuru.

Katika soketi ya pini 7 inayotumika sana kwa trela, waya wa manjano ni indiketa ya kushoto, wa kijani indiketa ya kulia, mwekundu breki, mweusi taa ya mkia ya kushoto, wa kahawia ya kulia, wa buluu taa ya ukungu, na mweupe ni athi. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Fundi wa kando ya barabara hufunga waya alionao, kwa hiyo pima kwa testa kabla hujaamini rangi. Na kama gari la mbele halikuja na soketi, usimruhusu mtu aunge waya moja kwa moja kwenye zile za taa. Balbu moja ya breki ni wati 21. Mbili zaidi zinaongeza karibu ampea 3.5 juu ya kilichokuwapo, na hapo fyuzi ndiyo ya kulalamika kwanza. Kuna relei za kazi hiyo.

Mweupe ndio wa kuangaliwa kuliko wote. Athi ikiwa mbovu, umeme hutafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine, na taa huanza vituko: unakanyaga breki, indiketa zinawaka hafifu, unawasha indiketa ya kulia, taa ya mkia inapepesa pamoja nayo. Watu hubadilisha balbu tatu mfululizo kabla ya kuugusa waya mmoja. Liwatoni, ambako upepo wa bahari unapuliza chumvi mchana na usiku, shaba ya plagi huota ukungu wa kijani upesi sana. Msasa laini, kisha mafuta mazito ya kujipaka, na kifuniko cha soketi kirudishwe kila mara plagi inapotolewa.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, lipo swali ambalo nashangaa haliulizwi: baiskeli zinafanya nini pale? Gari linalovuta aghalabu ni pikapu yenye nafasi tele. Zishushwe, zipande huko, na taa za gari linalovutwa zibaki wazi. Hapo betri ikiwa nzima, swichi ifunguliwe, usukani usijifunge na indiketa zifanye kazi. Ikiwa betri imekufa, ubao bado unahitajika.

Bila ubao, na usiku umeshakufikia njiani, usidanganyike na leso nyekundu wala matawi ya mwarobaini. Mchana vinasaidia, gizani kitambaa hakirudishi mwanga. Utepe wa kuakisi unaurudisha kulekule ulikotoka, machoni mwa anayefuata, hata kama gari halina umeme kabisa. Bandika pande zote mbili, juu ya baiskeli na si chini yake. Lakini utepe hautasema unafunga breki. Kwa kilomita 50 kwa saa lori la nyuma linakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo ukiwa na utepe tu, nenda polepole na ufupishe safari: sogeza gari hadi mahali penye taa, usubiri breakdown ya kulibeba juu. Kwa gari la otomatiki hilo ndilo jambo la kufanya tangu mwanzo, maana injini ikizimwa pampu ya mafuta ya giaboksi nayo huzimika.

Ubao ukishafungwa, mwite mtu asimame nyuma, kwanza katikati, kisha kila pembe. Akae pale wakati dereva wa mbele, si wa nyuma, anakanyaga breki na kuwasha indiketa, moja moja, taa za kawaida zikiwa zimewashwa.