Programu ya Kuchora Mitandao ya Viumbe

Wanachama, hamira tuumuliayo mkate ni kiumbe hai, na kila seli yake ina protini maelfu zinazoshirikiana kazi. Kuzifuata zote kwa kalamu na karatasi hakuwezekani. Ndiyo maana wataalamu hutumia programu za kompyuta, mojawapo ikiwa Cytoscape, iliyoelezwa rasmi mwaka 2003 na wataalamu wa Marekani, nayo hutolewa bure.

Humo kila protini ni nukta, na kila uhusiano ni mstari. Mtazamaji huichagua nukta, kisha aweza kuwaonyesha majirani zake. Chukua sukari iitwayo galaktosi. Protini Gal4 huamsha jeni za kuitumia sukari hiyo, lakini Gal80 huishika isifanye kazi. Galaktosi ikifika, Gal3 huikamata Gal80, na Gal4 huachiliwa. Katika picha hiyo ni mistari michache tu. Ila jeni zilizoamka zikipakwa rangi, habari nzima huonekana mara moja. Mtandao wa hamira iliyopewa galaktosi waweza pia kulinganishwa na wa hamira iliyonyimwa, ijulikane kilichobadilika.

Walakini picha isimhadae mtu. Mstari mmoja umetoka katika majaribio yaliyorudiwa mara nyingi, mwingine umekisiwa na kompyuta tu, na yote huchorwa sawa mpaka mtumiaji aichuje. Tena nukta yenye majirani wengi huenda ni ile tu iliyochunguzwa na wengi. Atafutaye dawa ya maradhi, ya mtu au ya mti, akianzia hapo bila kuuliza, aweza kupoteza miaka.