Usalama wa mawimbi ya simu ya upepo

Usalama wa mawimbi ya simu ya upepo unahusu namna ya kuwakinga watu na joto linaloweza kusababishwa na mawimbi ya redio karibu na antena ya simu hiyo. Simu ya upepo, inayoitwa pia redio koli, hupeleka na kupokea sauti bila waya. Hufungwa kwenye gari au hushikwa mkononi.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, milima na mapori makubwa hufanya simu za mkononi zisipatikane kila mahali. Mfano ni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, katika mikoa ya Iringa na Mbeya, ambako doria huhitaji mawasiliano ya redio.

Athari kwa mwili

Mawimbi ya redio ni mionzi isiyoayonisha: tofauti na eksirei, hayana nishati ya kung'oa elektroni kutoka katika atomu. Athari iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto. Jicho huathirika kwa urahisi, kwa sababu lenzi yake haina mishipa ya damu ya kuondoa joto. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka mawimbi hayo katika kundi 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, ingawa ushahidi ni mdogo.

Umbali na muda

Simu ya mkononi ya aina hii hutoa wati 5 hivi. Ile ya gari hufikia wati 50. Antena hurusha mawimbi yenye nguvu hiyo pale tu kitufe cha kuzungumza kinapobonyezwa. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hupungua hadi robo. Katika masafa ya VHF, kiwango cha kimataifa kwa umma ni wati 2 kwa mita ya mraba, na kwa wafanyakazi waliofunzwa ni 10. Mita 1 kutoka antena ya wati 50, makadirio ni wati 6 hivi. Mita 2, hushuka chini ya 2.

Tahadhari

Antena ifungwe katikati ya paa la gari. Dereva asibonyeze kitufe wakati mtu amesimama karibu nayo, hasa abiria waliopanda nyuma ya pikapu, ambao hawawezi kujua mazungumzo yanaanza lini. Antena isiguswe wakati wa kuzungumza, kwani inaweza kuunguza ngozi.

Nchini Tanzania leseni za masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na usalama wa mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC).