Ufukara kama Malighafi: Usomaji wa Kimarx wa Video ya Muziki Iliyopigwa Dona Marta, Rio de Janeiro

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna nadharia ya Umarx inavyoweza kutumika kusoma video za muziki zinazoonyesha ufukara wa mijini. Kielelezo chake ni video ya wimbo "They Don't Care About Us" wa Michael Jackson, iliyoongozwa na Spike Lee nchini Brazili mwaka 1996. Hoja inayotetewa ni kwamba uchambuzi unaoishia kwenye wahusika na dhamira huliacha nje swali la msingi: picha ya ufukara huzalishwa na nani, na mapato yake humwendea nani.

Utangulizi

Uhakiki wa Kimarx si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Vizazi kadhaa vya wanafunzi vimeisoma Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) kwa kumweka bwana shamba upande mmoja na Kijakazi upande wa pili. Kutokana na mazoea hayo imejengeka mbinu inayofahamika: mhakiki huainisha matabaka, huonyesha mgogoro wao, kisha hueleza msimamo wa mtunzi. Mbinu hiyo inapohamishiwa kwenye video ya muziki hupwaya. Adam Shafi hakuhitaji kibali cha bwana shamba yeyote ili aandike riwaya yake. Mpiga video anahitaji nyumba halisi, watu halisi, na ruhusa ya kupita katika vichochoro vyao. Ufukara kwake ni maudhui na wakati huohuo ni malighafi.

Walter Benjamin aliligusa jambo hili mwaka 1934. Kabla ya kuuliza kazi ya sanaa ina msimamo gani kuhusu uhusiano wa uzalishaji wa wakati wake, alitaka iulizwe imesimama wapi ndani ya uhusiano huo. Aliwakosoa pia wapigapicha wa Ujerumani ambao kwa ustadi wao waliugeuza hata ufukara kuwa burudani ya macho.

Mlima na waishio juu yake

Dona Marta ni favela, yaani mtaa wa mabanda, iliyojengwa kwenye mteremko mkali juu ya Botafogo, eneo la watu wenye nafasi. Kwa miaka mingi wakazi wa favela za Rio wamekuwa waashi, watumishi wa nyumbani na walinzi wa majengo ya walio bondeni. Video haionyeshi kazi hiyo. Inaonyesha nyumba zilizobebana, ngazi nyembamba, nyuso za watazamaji, na mwimbaji akicheza mbele yao. Katika Das Kapital (1867) Marx alieleza jinsi uhusiano baina ya watu unavyojitokeza machoni kama uhusiano baina ya vitu. Ndivyo ilivyo hapa: umaskini unaonekana kuwa sifa ya mlima, na Botafogo haihusiki.

Mwanzoni husikika sauti ya mwanamke ikimwambia mwimbaji kwa Kireno kwamba wenye nguvu hawatujali. Kwa "sisi" anatumia a gente, nomino ambayo kwa asili humaanisha "watu" na ambayo katika mazungumzo ya kila siku ya Brazili imechukua nafasi ya kiwakilishi. Anachosema kinabeba maana zote mbili, kwamba hatujaliwi sisi na kwamba hawajaliwi watu. Baada ya hapo "sisi" inahamia kinywani mwa mwimbaji tajiri kutoka Marekani. Kiswahili nacho kingeuficha uhamisho huo, kwa kuwa -tu- ya "hawatujali" haibainishi nani yumo na nani hayumo. Hata hivyo, kumwita mwimbaji mnafiki ni haraka mno. Sehemu kubwa ya video ilipigwa Salvador, katika Pelourinho, mahali palipopewa jina la nguzo ya kuchapia watumwa, pamoja na wapiga ngoma wa Olodum, kikundi cha Waafrika-Wabrazili kilichoanzishwa mwaka 1979. "Sisi" ya rangi na historia ya utumwa ina uzito wake. Kosa ni kudhani kwamba inaifuta tofauti ya tabaka.

Ugomvi wa wenye picha

Yaliyotokea nje ya kamera yanafundisha zaidi kuliko yaliyomo ndani yake. Maofisa wa jimbo la Rio walipinga upigaji wa video wakihofia kwamba ungeharibu utalii na ombi la jiji la kuandaa Michezo ya Olimpiki ya 2004. Jaji aliuzuia, kisha zuio likaondolewa. Waliopinga hawakudai kwamba mabanda hayapo, wala hawakuahidi kuyaondoa. Walichokilinda ni taswira ya jiji, ambayo kwa uchumi wa utalii ni nyenzo ya uzalishaji kama ilivyo mashine kwa mwenye kiwanda. Kwa hiyo mgogoro huo ulikuwa kati ya mitaji miwili, wa utalii na wa muziki, iliyogombea mandhari moja.

Kulikuwa na mamlaka ya tatu. Ili kuingia mtaani, waandaaji walilazimika kujadiliana na genge la dawa za kulevya lililoudhibiti. Marx aliliita tabaka la namna hiyo lumpenproletariati na hakulitarajia makubwa, lakini hapa lilisimama pale asimamapo kabaila: anayeshika mlango wa ardhi ndiye anayeweka masharti ya kuingia. Katika majadiliano yote hayo wavujajasho wa Dona Marta hawakuwa na kiti chao wenyewe, ingawa wengi wao waliufurahia ugeni huo, na wapo waliopata vibarua vya siku chache.

Mwishoni mwa 2008 polisi waliweka kikosi cha kudumu katika mtaa huo, na mwaka 2010 ikazinduliwa sanamu ya Michael Jackson pale alipocheza. Watalii wakaanza kupanda mlima. Wakazi wakawa waongozaji wao na wauza fulana na kumbukumbu zenye sura ya mwimbaji, nyumba zao zikiwa ndiyo mandhari inayopigwa picha. Kipato hicho ni halali na kinahitajika. Lakini mgeni hapandi ngazi zile kwa ajili ya fulana tu, hupanda pia ili auone mtaa wenyewe. Mchuuzi analipwa kwa fulana; kwa mtaa anaoishi, ambao ndio unaomleta mgeni, halipwi kitu.