Bei moja, madalali wengi: kazi ya swichi katika biashara ya hisa

Dalali wa hisa anayenunua kwa bei ya dakika nne zilizopita ananunua hasara. Kwa sababu hiyo masoko makubwa ya Marekani, kama NASDAQ na lile la CME la Chicago, hutoa bei zao kwa multikasti, yaani ujumbe mmoja unaotumwa kwa kundi zima la wanaouhitaji. Bei zikishafika katika ofisi ya mteja, safari ya mwisho hadi mezani kwa dalali iko mikononi mwa swichi, kisanduku chenye matundu ya nyaya kinachounganisha kompyuta za ofisi.

Faida ya multikasti ni rahisi kupiga hesabu. Tuseme ofisi ina kompyuta 40, na kila moja inahitaji mkondo wa bei wa megabiti 5 kwa sekunde. Seva ikimtumia kila mmoja nakala yake, italazimika kutoa megabiti 200. Kwa multikasti itatoa megabiti 5 tu, na swichi ndiyo itakayonakili. Tena hakuna dalali anayepanga foleni nyuma ya mwenzake.

Msingi wa utaratibu huu uliwekwa na Steve Deering katika waraka wa mwaka 1989. Makundi yametengewa anwani kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255.

Ugumu unaanzia kwenye swichi yenyewe. Swichi hujifunza kompyuta ipi iko tundu lipi kwa kusoma anwani ya mtumaji. Anwani ya kundi haiwi kamwe ya mtumaji, kwa hiyo swichi ya kawaida haiijui na humwaga ujumbe wake katika matundu yote. Mikondo 20 ya megabiti 5 inatosha kujaza tundu la megabiti 100 la mhasibu ambaye hakuomba bei yoyote. Kazi yake inakwama, na chanzo hakionekani.

Dawa ni swichi inayochungulia ujumbe wa IGMP. Kompyuta inayotaka bei hutuma ombi la kujiunga na kundi. Swichi hulisoma ombi hilo, huandika namba ya tundu katika orodha yake, na tangu hapo hupeleka mkondo kwenye matundu yaliyoorodheshwa na lile linaloelekea kwenye ruta.

Orodha hiyo hufutika isipohuishwa. Lazima kifaa kimoja, kwa kawaida ruta, kiulize mara kwa mara nani bado anahitaji bei. Kwa vipimo vya kawaida, swali huulizwa kila sekunde 125, na tundu lisilosikika kwa sekunde 260 huondolewa. Hapa ndipo ofisi nyingi hunaswa. Mtambo unawashwa, bei zinaonekana, fundi anaondoka. Baada ya dakika nne na ushei, bei zinasimama kwa sababu hakuna kifaa kinachouliza. Namba za mwisho hubaki kwenye kioo, na dalali asiye makini huziamini.

Kumbuka pia kwamba pakiti ya multikasti ikipotea, mtumaji hana habari na haitumi tena kwa hiari yake. Ndiyo maana CME hutoa mikondo miwili yenye habari zilezile, A na B, na pakiti hupewa namba za mfuatano ili pengo lionekane.

Kwa hiyo kabla ya kulipia swichi, meneja amuulize muuzaji mambo matatu. Je, inachungulia IGMP? Nani atakuwa muulizaji? Je, inaweza kuorodhesha makundi yote tunayolipia? Kisha asitie sahihi ya kupokea kazi mpaka bei zimekwenda mfululizo kwa angalau dakika kumi.