Kisiwa kisicho na kisima: Chumbe inavyolaza wageni kwa maji ya paa

MFANYABIASHARA anayetaka kujenga nyumba ya kulala wageni huanza na maswali mawili: maji yatatoka wapi, na nguzo ya umeme iko umbali gani. Katika kisiwa cha Chumbe, kilometa kama 12 kusini magharibi mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, majibu ya maswali yote mawili yalikuwa mabaya.

Kisiwa hicho chenye ukubwa wa takriban hekta 22 ni jiwe la matumbawe lililofunikwa na msitu. Hakina mto wala chemchemi, na hakuna maji ya kunywa chini ya ardhi yake. Waya wa umeme haukufika huko. Kwa miaka mingi kilichojulikana zaidi ni mnara wake wa taa, uliojengwa mwaka 1904 kuongoza meli.

Hata hivyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wageni wamekuwa wakilala Chumbe, wakiishi katikati ya hifadhi ya bahari na msitu. Siri ya mradi huo ni kwamba ukubwa wa biashara ulipangwa kufuata kiasi cha maji kinachoweza kukusanywa.

Maji chini ya sakafu

Kisiwani zilijengwa banda saba tu za wageni. Kila banda lina paa kubwa la makuti lililoinamishwa kwa makusudi ili kukusanya mvua. Maji hupita kwenye chujio la mchanga, kisha huingia katika tangi lililojengwa chini ya sakafu ya banda lenyewe. Kutoka hapo huvutwa kwa pampu ya mkono, na sehemu yake hupashwa moto na jua kwa ajili ya kuoga.

Mpango huo humfanya kila mtu aione hesabu yake. Anayetumia maji ovyo anamaliza akiba iliyo chini ya miguu yake, na hakuna bomba la serikali la kumwokoa kabla ya masika au vuli.

Umeme wa taa hutoka kwenye paneli za jua. Hakuna kiyoyozi, mabanda yamejengwa wazi upande wa bahari ili upepo upite.

Choo nacho hakitumii maji. Kinyesi huangukia kwenye chumba cha chini, huchanganywa na majani makavu, hupata hewa kupitia bomba na kugeuka mboji. Maji ya kuogea hayamwagwi baharini, bali huelekezwa kwenye vitalu vya mimea inayonyonya uchafu. Sababu ni ya kibiashara pia: maji machafu yakifika kwenye matumbawe, kinachomleta mgeni kitakufa.

Nani analipa?

Mradi ulianzishwa mwaka 1991 na Sibylle Riedmiller, raia wa Ujerumani. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa matumbawe ulio magharibi mwa kisiwa kuwa hifadhi, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni ya Chumbe Island Coral Park. Kampuni hiyo haikuundwa ili wenye hisa wagawane faida. Fedha za wageni hulipa walinzi, matengenezo, na safari za mafunzo za wanafunzi wa Zanzibar.

Kwa wavuvi, uamuzi huo ulikuwa na gharama. Eneo lililotangazwa hifadhi ni eneo ambalo mtu hawezi tena kutupa mshipi wala kutega dema. Ndiyo maana walinzi wa kwanza walichukuliwa miongoni mwa wavuvi wenyewe. Hawabebi silaha. Kazi yao ni kumfuata mwenye ngalawa, kumweleza kwamba mwamba ule ni mahali pa samaki kuzaliana, na kwamba samaki wakijaa ndani hutoka nje ya mpaka, ambako kuvua kunaruhusiwa.

Maelezo hayo yana nguvu maadamu mlinzi yupo, na mlinzi yupo maadamu mgeni analipa. Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2020, janga la Uviko-19 liliposimamisha safari za ndege duniani, hifadhi zote zinazotegemea watalii ziliona jinsi mfuko wa aina moja unavyoweza kukauka ghafla. Bahari yenyewe nayo haina dhamana: mwaka 1998 joto la maji liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, na mlinzi hawezi kulizuia joto.

Wala haiwezekani kuziba pengo kwa kuongeza vyumba hamsini. Paa haziwezi kukinga mvua kuliko inayonyesha.

Hesabu ya paa lako

Somo la Chumbe halihitaji kisiwa. Mkulima au mwenye duka anaweza kulifanyia kazi nyumbani kwa kanuni moja rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji.

Chukua nyumba ya bati yenye paa la mita 6 kwa 8, yaani mita za mraba 48. Mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 48,000. Ukiondoa robo kwa yanayomwagika na kukauka, zinabaki lita 36,000, sawa na madumu 1,800 ya lita 20. Ni karibu madumu matano kwa siku, mwaka mzima.

Tatizo ni kuhifadhi. Kiangazi cha siku 120 kwa matumizi ya lita 100 kwa siku kinahitaji tangi la lita 12,000. Asiyeweza kulinunua kwa mkupuo aanze na dogo, lakini aweke gata na msingi akijua atakuja kuongeza jingine. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe vizuri mbu wasizaliane, na maji ya kunywa yachemshwe.

Anayevutiwa na choo cha mboji naye awe mwangalifu. Mboji hiyo iachwe ikae zaidi ya mwaka mmoja, kisha itumike kwenye mashina ya miti, si kwenye bustani ya mchicha au kachumbari.

Kwa anayefikiria kujenga nyumba ya wageni pembezoni, hatua ya kwanza ni kupima paa na kuuliza kiasi cha mvua cha eneo lake. Idadi ya vitanda ifuate jibu hilo.