Maji, Mauti na Umbali: Usomaji wa Kimuundo wa Kisasili cha Asili ya Wamakonde

Makala haya yanafafanua namna nadharia ya umuundo inavyoweza kutumika kuchambua kisasili cha asili ya Wamakonde wa Mtwara, kama kinavyopatikana katika kitabu cha Karl Weule kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1908. Hoja kuu ni kwamba maana ya kisasili hicho haimo katika jozi kinzani pekee, bali katika umbali unaowekwa kati ya pande zake.

Kisa chenyewe ni kifupi. Katika pori la Mahuta, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, alitokea mwanamume asiyeoga wala kunyoa. Alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha. Usiku ikawa mwanamke hai. Wawili hao waliteremka Mto Ruvuma kuoga, na huko mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Katika bonde la Mbwemkuru, wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporejea Mahuta, wa tatu aliishi. Babu huyo akawausia wanawe wazike wafu wakiwa wima, na wajenge mbali na mito, angalau mwendo wa saa moja kutoka mahali pa kuteka maji.

Kwa mkabala wa Vladimir Propp (1928), unaofuata mfuatano wa matukio, hapa pana kuondoka, kushindwa mara mbili na kurejea. Mkabala wa Claude Lévi-Strauss (1955) huyapanga matukio hayo upya kwa jozi: juu na chini, ukavu na maji, wima na kulala, uhai na mauti. Jozi hizo zinalingana, isipokuwa mahali pamoja: mtoni ndiko asiyeoga anakooga na kuingia katika utu. Basi maji yanajenga utu na pia yanaua. Ukinzani huo hautatuliwi kwa kuyakataa maji. Unatulizwa kwa mwendo wa saa moja. Maziko ya wima nayo ni upatanishi: maiti inapewa mkao wa sanamu iliyopata uhai.

Hata hivyo, umuundo una mipaka yake. Umbali ulio suluhisho ndani ya kisasili ulikuwa kazi katika maisha ya uwandani, ambako wanawake walipandisha maji kutoka mabondeni. Katika toleo hili mama hasemi neno. Wosia ni wa baba. Uchambuzi unaoishia kwenye jozi utaeleza kwa nini nyumba zilijengwa mbali na mto, lakini hautauliza ni nani aliyebeba mtungi.